Gurudumu Lisilopenda Kuinamishwa

Tarehe 4 Julai 1914, kwenye barabara za vumbi nje ya jiji la Lyon, magari ya Peugeot yaliingia kwenye Grand Prix ya Ufaransa yakiwa na breki katika magurudumu yote manne. Delage, Fiat na Piccard-Pictet nao walikuja nazo. Kwa watazamaji wengi hilo lilikuwa jambo geni, kwani magari ya wakati ule yalifunga breki nyuma tu. Georges Boillot wa Peugeot aliweza kuchelewa kufunga breki kabla ya kona kuliko Wajerumani wa Mercedes, akawapigania saa baada ya saa, lakini gari lake likamshinda kwenye mzunguko wa mwisho. Mercedes walichukua nafasi tatu za kwanza, mbele kabisa akiwa Christian Lautenschlager, na gari lake halikuwa na breki hata moja mbele.

Majuma machache baadaye vita vikazima mashindano yote. Yalipofufuka, hakuna aliyekumbuka kwamba Lyon ilishindwa na gari lisilo na breki za mbele. Kila fundi alizitaka. Mwaka 1921 Mmarekani Jimmy Murphy alishinda Grand Prix ya Ufaransa huko Le Mans akiwa na Duesenberg yenye breki za haidroliki magurudumu yote, na kuanzia hapo mjadala ukafungwa. Miaka michache baadaye hata magari ya kawaida ya barabarani yalianza kuwa nazo.

Wachache walijiuliza swali dogo: ukibandika dramu nzito ya chuma kwenye kila gurudumu la mbele, kisha ukalizungusha kwa kasi, gurudumu hilo litafanya nini barabara ikiwa na mashimo?

Jibu lilikuja kupitia mikono ya madereva. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 malalamiko yalimiminika Ulaya na Marekani. Gari linakwenda vizuri, ghafla kwenye kasi fulani magurudumu ya mbele yanaanza kupepesuka kushoto na kulia, usukani unacheza mikononi, ekseli inaruka upande huu na upande ule, na haliachi mpaka dereva apunguze mwendo. Tatizo lilipewa jina la shimi. Tairi mpya zilizoingia sokoni kuanzia 1923, zile pana zenye upepo mdogo zilizotengenezwa na Firestone na wenzake, zililizidisha. Zilikuwa laini na zenye kuyumba, na uzito wao uliongezeka juu ya ule wa dramu.

Mtoto anayekimbiza ringi barabarani anaijua kanuni iliyokuwa inawasumbua wahandisi hao, ingawa hajafundishwa. Ringi iliyosimama ukiisukuma inaanguka. Ringi inayozunguka kwa kasi, ukiigusa juu iinamie kushoto, haianguki. Inakata kona kwenda kushoto. Kitu kinachozunguka hakikubali kuinamishwa hivihivi. Kikilazimishwa kuinama, kinajibu kwa kugeuka. Mfaransa Léon Foucault alitumia tabia hiyohiyo mwaka 1852 kuonyesha kwamba dunia inazunguka, na ndiye aliyekipa chombo chake jina la jairoskopu. Kwa hiyo sayansi yenyewe haikuwa mpya. Kilichokuwa kipya ni kwamba gari sasa lilikuwa limebeba majairoskopu mawili mazito mbele, na yote mawili yalikuwa yamefungwa kwenye fito moja ya chuma.

Fito hiyo ndiyo ekseli ya mbele ya zamani, urithi wa mkokoteni, inayokwenda moja kwa moja kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Gurudumu la kulia likipanda tuta, fito yote inainamia kushoto na magurudumu yote mawili yanainama nayo. Kwa kuwa yanazunguka, yanajibu kwa kugeukia kushoto, ilhali dereva hajagusa kitu. Huko kugeuka nako kuna jibu lake: magurudumu yanayogeuka kushoto yanaikandamiza fito upande wa kulia na kuinyanyua upande wa kushoto. Sasa fito inainamia kulia, magurudumu yanageukia kulia, na mchezo unaanza upya kwa upande wa pili. Springi na ulaini wa tairi vikikubaliana na mdundo huo, hakuna wa kuuzuia.

Hesabu ya haraka inaonyesha ukubwa wa jambo. Tuseme gurudumu pamoja na tairi na dramu yake lina kilo 30 na nusu kipenyo cha sentimita 40, na gari linakwenda kilomita 160 kwa saa. Linazunguka karibu mara 18 kila sekunde. Upande mmoja wa ekseli ukipanda sentimita 5 ndani ya sehemu ya ishirini ya sekunde, kila gurudumu linausokota mfumo wa usukani kwa nguvu inayokaribia ile ya mzigo wa kilo 20 ulioning'inizwa kwenye ncha ya spana ya mita 1. Na magurudumu ni mawili. Mwendo ukiongezeka mara mbili, tuta lilelile linapandwa kwa nusu ya muda huku gurudumu likizunguka mara mbili zaidi. Kwa hiyo msokoto haukui mara mbili, unakua mara nne. Ndiyo maana ekseli iliyotulia vizuri kwenye kilomita 60 kwa saa iligeuka balaa kwenye 160.

Mwaka 1925 mhandisi Georges Broulhiet alichapisha uchambuzi wake kuhusu shimi na kurukaruka kwa ekseli kupitia chama cha wahandisi wa Ufaransa. Maandishi yake yanakumbukwa zaidi kwa jambo jingine: ndani yake alieleza jinsi tairi inavyoteleza kwa pembe ndogo kila inapokata kona, wazo ambalo leo ni msingi wa hesabu zote za gari la mashindano. Lakini alilifikia kwa kukifukuzia kiwewe cha usukani. Gurudumu lililokuwa likiwatikisa watu mikono lilifungua mlango wa sayansi nzima.

Dawa nayo ilikuwepo tayari, tena imelala wazi. Kampuni ya Morgan ya Uingereza ilikuwa ikitengeneza vigari vya magurudumu matatu tangu karibu 1910 vikiwa na magurudumu ya mbele yasiyotegemeana, kila moja likipanda na kushuka kwenye nguzo yake. Vincenzo Lancia alifanya hivyohivyo, kwa ufundi mkubwa zaidi, kwenye gari lake la Lambda lililoonyeshwa mwaka 1922. Gurudumu la Lambda lilipokanyaga jiwe lilipanda wima, bila kuinama na bila kumwinamisha mwenzake. Gurudumu lisiloinamishwa halina sababu ya kugeuka. Hata hivyo wengi waliiona Lambda kama gari la ajabu la Kiitalia, wakaendelea kukaza boliti za ekseli zao na kuongeza shokapu za msuguano.

Bugatti alikuwa mfano mzuri wa ukaidi huo, na pengine ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kuwa mkaidi. Type 35 yake, iliyotoka Lyon ileile mwaka 1924, ilikuwa na ekseli ya mbele ya kupendeza iliyofuliwa ikawa na uwazi ndani, na magurudumu ya alumini ambayo dramu ya breki ilikuwa sehemu ya gurudumu lenyewe. Ettore Bugatti alipambana na uzito. Ukipunguza uzito wa kinachozunguka, unapunguza nguvu yake ya kujibu. Kwa miaka kadhaa njia hiyo ilitosha, na Type 35 ilishinda mashindano mengi kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba fito ile ina mwisho wake.

Aliyeisukuma fito hiyo hadi mwisho wake hakuwa mtu wa mashindano hata kidogo. Maurice Olley alikuwa Mwingereza aliyefanya kazi Rolls-Royce, ikiwemo kiwanda chao cha Springfield, Massachusetts, kisha akahamia Cadillac mwaka 1930, wakati mdororo wa uchumi ukianza kuuma. Alichotaka ni starehe. Abiria wa Marekani walikuwa wakirushwa viti vya nyuma vya magari ya kifahari kwa sababu springi za mbele zilikuwa ngumu mno zikilinganishwa na za nyuma. Gari lilipanda tuta mbele, kisha nyuma, na miondoko hiyo miwili haikupatana. Olley aliunda gari la majaribio lililobebeshwa vipande vya uzito vinavyohamishika, akabadilisha mgawanyo wa uzito na ugumu wa springi, akawapandisha wakubwa na kuwauliza wanajisikiaje. Majibu yalielekea upande mmoja: springi za mbele ziwe laini zaidi ya za nyuma.

Hapo akagonga ukuta. Springi za mbele zilipolainishwa chini ya ekseli ya fito, shimi ilirudi kwa hasira. Ekseli ikapata nafasi ya kuinama zaidi, magurudumu yakapata nafasi ya kujibu zaidi, na breki zikaisokota fito nzima kwenye springi zake. Starehe aliyoitafuta ilikuwa upande wa pili wa tatizo la jairoskopu, na hakukuwa na njia ya kulizunguka. Ilibidi fito ikatwe.

Hapa ndipo simulizi inayorudiwa kwenye vitabu vingi vya magari inapohitaji kusahihishwa kidogo. Huambiwa kwamba saspensheni ya kujitegemea ilibuniwa ili magari yawe laini, kisha mashindano yakaiga. Au kinyume chake, kwamba ilizaliwa kwenye mashindano ikashuka barabarani. Ukifuata tarehe, unaona kwamba pande zote mbili zilisukumwa na kitu kimoja, gurudumu linalozunguka na kukataa kuinama, na zilifika karibu wakati mmoja.

Machi 1933 kamati ya ufundi ya General Motors iliendeshwa kwenye magari ya majaribio ya Cadillac yenye mifumo miwili tofauti. Wa kwanza ulitoka kwa André Dubonnet, rubani Mfaransa wa vita vya kwanza vya dunia na dereva wa mashindano: gurudumu lilishikwa na mkono mfupi uliokuwa na springi ndani ya kopo lenye mafuta. Wa pili ulikuwa wa mikono miwili, mfupi juu na mrefu chini, springi ya koili katikati. Alfred Sloan, bosi wa kampuni hiyo, aliisimulia siku hiyo katika kitabu chake cha kumbukumbu, maana uamuzi wa kutumia fedha nyingi namna ile katika mwaka wa njaa haukuwa mwepesi. Magari ya mwaka 1934 yakatoka na zote mbili: Cadillac, Buick na Oldsmobile zikapata mikono miwili, Chevrolet na Pontiac zikapata mfumo wa Dubonnet. Makopo yale yalivuja mafuta, na baada ya miaka michache yakaachwa. Mikono miwili imebaki hadi leo.

Kwa nini mkono mmoja mfupi na mwingine mrefu? Mikono iliyo sawa ingelipandisha gurudumu bila kuinama hata chembe, jambo ambalo jairoskopu ingelifurahia. Lakini gari linapolala kwenye kona, magurudumu nayo yangelala pamoja na bodi, na tairi ingekanyaga kwa ukingo. Mkono wa juu ukiwa mfupi, gurudumu linainama kidogo linapopanda, kiasi cha kusaidia kona, si kiasi cha kuamsha shimi. Wahandisi wa magari ya mashindano wanaendelea kuujadili urefu wa mikono hiyo, kwa milimita.

Ujerumani ilikuwa njiani tayari. Mercedes-Benz ilionyesha gari la barabarani aina ya 380 mwaka 1933 likiwa na mikono miwili na springi za koili mbele. Mwaka uliofuata kanuni mpya za Grand Prix zilianza, zikiweka uzito wa gari usizidi kilo 750 bila kuweka kikomo chochote kwa ukubwa wa injini. Mercedes wakaja na W25, magurudumu ya mbele yakiwa kwenye mikono miwili na springi zimefichwa ndani ya bomba la mbele la chasisi. Auto Union, gari lililosanifiwa na Ferdinand Porsche, injini nyuma ya dereva, lilitumia mikono inayoelekea nyuma na fito za chuma zinazosokotwa badala ya springi. Kwenye mifumo yote miwili gurudumu la mbele lilipanda tuta likiwa limesimama karibu wima. W25 ilishinda mara ya kwanza ilipoingia mashindanoni, Nürburgring, tarehe 3 Juni 1934, Manfred von Brauchitsch akiwa kwenye usukani.

Waitaliano waliona wanaachwa. Timu ya Scuderia Ferrari, iliyokuwa ikiendesha magari ya Alfa Romeo, ilichukua P3 ya zamani na kuipachika mfumo wa Dubonnet mbele kwa msimu wa 1935. Nyuma ilibaki na ekseli ngumu. Gari hilo, dhaifu kwa nguvu za injini kuliko ya Wajerumani, ndilo Tazio Nuvolari alilopanda tarehe 28 Julai 1935 kwenye Grand Prix ya Ujerumani na kuwapiga Mercedes na Auto Union nyumbani kwao, Nürburgring, barabara ya kilomita zaidi ya 22 iliyojaa mabonde na vilima. Ushindi huo huhesabiwa kwa kipaji chake, na kwa tairi ya von Brauchitsch iliyopasuka mzunguko wa mwisho. Ni haki. Lakini ni vigumu kuamini kwamba hata Nuvolari angeweza kuitawala barabara ile kwa kasi ile akiwa ameshika usukani wa fito.

Nyuma ya magari ya Kijerumani ilikuwa hadithi nyingine. W25 na Auto Union zilitumia ekseli za bembea: kila gurudumu limefungwa kwenye nusu-ekseli inayopinda karibu na difu, kwa hiyo gurudumu likipanda linainama, tena sana. Kwa kuwa magurudumu ya nyuma hayana usukani, kuinama huko hakukuleta shimi. Msokoto wake uliingia kwenye chasisi yenyewe. Gurudumu moja likirushwa na tuta, gari zima lilipata msukumo mdogo wa kugeuka. Huo haukuwa ubaya mkubwa kuliko wote wa ekseli za bembea. Tairi iliyokanyaga kwa ukingo ilikuwa mbaya zaidi. Lakini kwa dereva aliyekuwa akipambana na nguvu za farasi mia nne na ushee juu ya tairi nyembamba, hakuna msukumo uliokuwa mdogo.

Rudolf Uhlenhaut, mhandisi kijana aliyezaliwa London na kukabidhiwa idara mpya ya mashindano ya Mercedes mwaka 1936, alikuwa na sifa iliyokuwa adimu kwa watu wa ofisi: aliweza kuendesha gari la Grand Prix kwa kasi inayokaribia ya madereva wake. Alikwenda Nürburgring na magari ya msimu ule, akazunguka mwenyewe, akarudi na hukumu. Springi zilikuwa ngumu mno, chasisi ilipinda, na magurudumu ya nyuma hayakukaa wima. W125 ya mwaka 1937 ilipata chasisi imara, springi laini zenye safari ndefu, na nyuma ekseli ya De Dion, bomba jepesi linaloyaunganisha magurudumu mawili huku difu ikiwa imefungwa kwenye chasisi. Hermann Lang alishinda nalo mara yake ya kwanza, Tripoli, Mei 1937. Rudolf Caracciola akatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka huohuo.

Yaani fito iliyofukuzwa mbele ilirudishwa nyuma, na ikashinda. Anayedhani kwamba ekseli ya fito ni ubaya mtupu anapaswa kulitazama gari hilo. Kisa ni wapi gurudumu linaruhusiwa kugeuka. Mbele, penye tairodi na usukani, kila kuinama kunatafuta njia ya kutoka kwa kugeuka. Nyuma, magurudumu yamefungwa yasigeuke, na fito inayoyaweka yakiwa sambamba inaweza kuwa rafiki.

Henry Ford hakushawishiwa na lolote kati ya haya. Magari yake yalibaki na fito mbele hadi toleo la mwaka 1949. Indianapolis nako waliishika fito kwa mapenzi makubwa zaidi, na kwa sababu nzuri: pale kona ni nne tu, zote za kushoto, hakuna mabonde wala vilima, na fundi anaweza kuirekebisha ekseli kwa ajili ya mwendo mmoja. Magari yenye ekseli ngumu mbele yaliendelea kushinda Indianapolis 500 hadi mwaka 1964, A. J. Foyt akiwa wa mwisho. Mwaka uliofuata Jim Clark alifika na Lotus 38, nyembamba, injini nyuma, mikono miwili kila kona, na ile enzi ikafungwa mchana mmoja.

Afrika Mashariki fito haijafa wala haina dalili ya kufa. Malori na mabasi yanayokwenda mikoani yanatembea nayo mbele. Land Rover Defender ya zamani inayo, na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, inayobeba watalii, wagonjwa, maofisa na magunia, inayo pia. Ukilala chini ya Land Cruiser hiyo utaona shokapu moja iliyolala kwa upana, mbali na zile nne za kawaida. Ni shokapu ya usukani, na kazi yake ni kuumeza ule mdundo wa kushoto na kulia. Ikichoka, au tairi zikikosa balansi, au bushi zikilegea, barabara yenye makunyanzi itamkumbusha dereva yale yaliyowasumbua Wafaransa mwaka 1925. Fundi atabadilisha bushi, atapima balansi na alaimenti, na mambo yatatulia.

Mara saspensheni ilipokwisha kulitenga gurudumu, wabunifu wa magari ya mashindano waligeukia kile alichokipigania Bugatti: uzito wa kinachozunguka. Mercedes W196 ya mwaka 1954 ilihamisha dramu za mbele kutoka kwenye magurudumu na kuziweka ndani ya chasisi, zikiunganishwa kwa shafti. Lengo kuu lilikuwa gurudumu jepesi linaloweza kufuata barabara. Lakini lilikuwepo pia pato la pembeni: dramu iliyokaa ndani ya chasisi haiinami wala haigeuki pamoja na gurudumu, kwa hiyo haina la kumjibu dereva. Colin Chapman na Maurice Philippe walifanya vivyo hivyo kwenye Lotus 72 ya mwaka 1970, safari hii kwa diski. Tarehe 5 Septemba mwaka huo, kwenye mazoezi ya Monza, shafti ya breki ya mbele kulia ya gari la Jochen Rindt ilikatika. Rindt alifariki, na pointi alizokuwa amekusanya zikamfanya bingwa wa dunia baada ya kifo chake. Lotus 72 iliendelea kushindana hadi 1975 na breki zilezile za ndani, shafti zake zikiwa zimeimarishwa.

Njia nyingine ilikuwa kulipunguza gurudumu lenyewe. Derek Gardner wa timu ya Tyrrell alileta mwaka 1976 gari la magurudumu sita, manne madogo mbele yenye ringi za inchi 10, akitafuta kukata hewa vizuri zaidi na kushika lami kwa tairi nyingi. Kuhusu jairoskopu, gurudumu dogo lina hesabu ya kuvutia. Kwa mwendo uleule wa gari linazunguka kwa kasi zaidi, lakini uzito wake umekaa karibu zaidi na ekseli, na hili la pili linashinda. Ukilipunguza gurudumu nusu kwa kipenyo bila kubadilisha uzito, ukaidi wake unapungua nusu. Tyrrell P34 ilishinda Grand Prix ya Sweden mwaka huo, Jody Scheckter wa kwanza na Patrick Depailler wa pili, kisha ikatoweka kwa sababu hakuna kampuni ya tairi iliyotaka kuendelea kutengeneza tairi ndogo kwa timu moja. Mwaka 2022 Formula 1 ilikwenda upande wa pili, ikaacha ringi za inchi 13 na kuchukua za inchi 18, kubwa na nzito zaidi. Chini ya nusu karne, mshale umegeuka.

Mwisho wa barabara hii uko jangwani, kwa watu wanaotafuta rekodi ya kasi ya ardhini. Huko tairi za mpira zilikwisha kazi zamani. Hakuna mpira unaoweza kushikilia umbo lake kwenye mizunguko ya namna ile. Thrust2 ya Richard Noble, iliyofika kilomita 1,019 kwa saa kwenye jangwa la Black Rock, Nevada, mwaka 1983, ilitumia magurudumu ya alumini matupu. ThrustSSC, iliyoirithi, ilivunja kizuizi cha sauti mahali palepale tarehe 15 Oktoba 1997, Andy Green akiendesha, wastani wa kilomita 1,227.985 kwa saa. Glynne Bowsher, aliyeshughulikia mitambo yake, aliweka usukani kwenye magurudumu ya nyuma, yaliyopangwa moja mbele ya jingine kidogo, kwa kuwa injini mbili za ndege zilikuwa zimechukua nafasi ya mbele. Gari lilipindishwa na magurudumu mazito ya alumini yakizunguka maelfu ya mara kwa dakika, na safari ya kupanda na kushuka ya saspensheni ilikuwa fupi kupita gari lolote la mjini.

Bloodhound, mradi uliofuata wa Waingereza hao, ulifanyiwa hesabu za magurudumu ya kipenyo cha sentimita 90 yanayoweza kuzunguka mara 10,200 kwa dakika, kingo zake zikivutwa nje kwa nguvu mara 50,000 ya uzito wao. Kwa kitu kama hicho, kutembea juu ya jiwe moja ni jambo zito: kuinama kidogo tu, kwa muda mfupi kiasi kile, kunazalisha msokoto ambao vyuma vya saspensheni lazima viubebe papo hapo. Tiba haikuwa kwenye gari peke yake. Uwanja uliochaguliwa ulikuwa Hakskeenpan, ziwa kavu la Northern Cape, Afrika Kusini, na zaidi ya watu 300 wa jamii ya Mier waliajiriwa kuusafisha kwa mikono. Waliokota zaidi ya tani 16,000 za mawe.

Mnamo Novemba 2019, katika uwanja huo, Green aliifikisha Bloodhound kilomita 1,010 kwa saa. Fedha za hatua iliyokuwa ifuate, injini ya roketi, hazikupatikana, na gari likarudishwa Uingereza. Limewekwa kwenye jumba la makumbusho la usafiri la Coventry pamoja na Thrust2 na ThrustSSC, na rekodi ya 1997 bado haijavunjwa.